MDUDU AANGUSHAYE VIDAKA
Jinsi Kunguni wa Minazi Alivyotambuliwa na Kupewa Jina

Katika mji wa Mombasa haipiti siku bila nazi. Asubuhi huliwa mahamri kwa mbaazi zilizoungwa kwa tui. Mchana ni wali wa nazi na samaki wa kupaka. Na jioni, watu wakipunga upepo kando ya bahari, muuza madafu hufyeka vichwa vya madafu yake kwa panga. Katika nyumba za Mji wa Kale, mbuzi wa kukunia nazi na kifumbu cha kuchujia tui ni vyombo vya lazima kama vile chungu na mwiko. Lakini kisiwa chenyewe kimejaa majumba, na nazi ziuzwazo Marikiti hutoka zaidi ng'ambo: za Kwale huvukia Likoni, na za Kilifi huingia kwa njia ya Nyali.

Kwa hiyo mambo ya nazi ya Mombasa huamuliwa mbali na soko, juu kabisa kileleni mwa mnazi, katika shamba la mtu ambaye pengine ana minazi ishirini au thelathini tu, naye hutegemea minazi hiyo kulipia karo ya watoto na kununua unga. Vidaka vikishika vema, atakuwa na nazi mwaka ujao. Vidaka vikipukutika, hatakuwa na kitu cha kupeleka sokoni.

MAJINA YA TUNDA MOJA

Watu wa pwani hawakutosheka na jina moja kwa tunda hili. Karara likipasuka hutoka upunga. Upunga ukishika huwa kidaka. Kidaka kikikua huwa kitale. Kitale kikijaa maji matamu huwa dafu. Dafu likianza kukaza nyama huwa koroma. Koroma ikikomaa ndiyo nazi. Na nazi ikikauka hata nyama yake ikaachana na kifuu huwa mbata. Majina haya si mapambo ya lugha. Kila jina laonyesha kazi ya tunda na bei yake. Apikaye hawezi kukamua tui katika kitale, wala mwenye kiu hanunui mbata, na wazee wamesema: Mchagua nazi hupata koroma. Kutoka upunga mpaka nazi ni safari ya karibu mwaka mmoja, na katika safari hiyo hatari iliyo kubwa iko mwanzoni, katika siku za kidaka.

Wataalamu wa wadudu nao hufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Huvigawa viumbe, huvipa majina na kuviweka mahali pake, ili watu wajue kipi ni cha kuogopwa na kipi ni cha kulindwa. Habari za mdudu mmoja wa minazi ya mwambao wa Afrika Mashariki zaonyesha wazi faida ya kazi hiyo.

UGONJWA USIO UGONJWA

Yafaa kusema kwanza kwamba kila mnazi huangusha vidaka vyake vingi wenyewe. Mti hauwezi kulea vyote uzaavyo, na wakati wa kiangazi huangusha zaidi. Mkulima mzoefu huviona vidaka kadhaa chini ya mnazi wala hashtuki. Lakini katika mashamba mengi ya Unguja na ya mwambao kulikuwa na upukutikaji wa namna nyingine. Vidaka vilianguka karibu vyote, kole baada ya kole. Vichache vilivyosalia vilikua vikiwa vidogo, vimepindika, vina makovu na mipasuko, na katika mipasuko hiyo ulitoka utomvu kama gundi. Kwa ajili ya utomvu huo jambo lenyewe liliitwa ugonjwa wa utomvu.

Kuliita ugonjwa kulikuwa na hasara yake. Aaminiye kwamba mnazi wake ni mgonjwa atatafuta dawa ya mnazi: atatia mbolea, atapogoa makuti, au ataukata mti mzima akapanda mwingine, na huo mwingine nao utaangusha vidaka vile vile. Mtu mmoja ataulaumu udongo, wa pili atalilaumu jua, na wa tatu atashuku husuda ya jirani. Wote hao watakuwa wakipigana na kivuli.

Aliyefumbua jambo hilo ni Bwana M. J. Way, mtaalamu wa wadudu aliyefanya uchunguzi wake Unguja wakati kisiwa hicho kilipokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Mwaka 1953 alichapisha maandishi yake katika jarida la utafiti wa wadudu, akaonyesha kwamba mwenye kuleta huo ulioitwa ugonjwa ni mdudu. Ni mdudu mdogo wa rangi ya hudhurungi, mrefu kiasi cha milimita 12 hadi 15, mwenye miguu myembamba na vipapasio virefu, aishiye kileleni mwa mnazi kati ya maua na vidaka.

Mdudu huyu hana meno. Ana mrija mwembamba kama sindano, ambao huulaza chini ya kifua chake wakati asipoutumia. Akifika penye ua au kidaka huuinua, huudunga ndani ya nyama laini, hutia mate yake, ndipo akafyonza. Mate hayo ndiyo yenye madhara. Mahali palipodungwa huwa peusi na kubonyea. Kidaka kichanga kikidungwa hufa na kuanguka. Kilichokwisha kukua kidogo chaweza kustahimili, lakini hubaki na kovu, na kadiri tunda linavyonenepa kovu hupasuka na utomvu hutoka. Hapo watu walikuwa wakiona mwisho wa jambo na kudhani ndio mwanzo wake.

Jike hutaga yai moja moja juu ya maua na vidaka. Yai huanguliwa baada ya muda wa kama juma moja, na mtoto hujivua ngozi mara tano kabla ya kuwa mdudu mzima mwenye mbawa. Wakubwa na wadogo, wote hufyonza. Na kwa kuwa mmoja hudunga mahali pengi, si lazima wawe wengi: wachache tu katika mnazi mmoja wanatosha kuyamaliza mavuno. Ndiyo sababu mtu aweza kuutazama mnazi ulioharibika vibaya asione mdudu hata mmoja.

NI WA UKOO GANI?

Mgeni akibisha hodi katika nyumba ya Mji wa Kale, wazee hawaridhiki kusikia jina lake peke yake. Watauliza ni mwana wa nani, wa mlango gani, wa taifa lipi. Wenyeji wa Mombasa wamejipanga hivyo tangu kale: wako Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe; na wako Tisa Taifa, ambao ni Wamvita na wenzao. Mtu akilitaja taifa lake, amekwisha kueleza mengi kabla hajaeleza mengine.

Elimu ya viumbe nayo ina nasaba zake. Utaratibu wa majina utumikao hata leo uliwekwa na Carl Linnaeus, Mswidi, na kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa majina ya wanyama na wadudu. Kila kiumbe hupewa majina mawili: la kwanza ni la jamii yake, na la pili ni la aina yenyewe. Mmoja wa wale walioandikwa na Linnaeus mwaka huo ni kunguni wa kitandani, Cimex lectularius. Nduguye, kunguni wa nchi za joto, alipewa jina lake na Fabricius mwaka 1803, naye huitwa Cimex hemipterus.

Kunguni huyo, ambaye hakuna asiyemjua, ndiye njia nyepesi ya kumfahamu mdudu wa minazi, maana ni watu wa kabila moja. Wadudu wa kabila hili wote wana mrija badala ya meno. Wengi wao wana mbawa za mbele zilizo ngumu kama ngozi kwa nusu, na nusu iliyobaki ni laini kama utando. Kwa hiyo wataalamu wakalipa kabila zima jina la Kiyunani, Hemiptera, maana yake nusu bawa. Na kunguni wa kweli peke yao, waliokwisha kuandikwa duniani, ni zaidi ya aina 40,000.

Maisha yao hayafanani. Kunguni wa kitandani hunyonya damu. Kangambili, yule mwekundu, hudunga vitumba vya pamba na kuzitia nyuzi zake madoa. Yuko wa mibuni, ambaye hudunga kahawa ingali mbichi. Hata katika bahari kuu, mbali kabisa na nchi kavu, wako wa jamii ya Halobates ambao hutembea juu ya maji, nao ndio wadudu pekee waishio katika bahari kuu maisha yao yote. Mende, panzi na siafu hawamo katika kabila hili, ingawa mazungumzo ya kawaida huwaita wote wadudu na kuishia hapo.

JINSI JINA LIPATIKANAVYO

Bwana Way alipoandika mwaka 1953 alimtaja mdudu wake kwa jina la jamii tu, Theraptus, pasipo jina la aina, kwa kuwa aina yenyewe ilikuwa haijatambulishwa bado. Ilikuwa kama mtu aliyeandikwa katika daftari ya kodi kwa jina la baba yake tu, na mahali pa jina lake mwenyewe pameachwa wazi. Kazi ya kupajaza ilifanywa na mtaalamu mwingine, Bwana E. S. Brown.

Kazi hiyo hutaka macho makali na subira. Wadudu waliokaushwa huchomwa kwa pini, kila mmoja na karatasi yake ndogo iliyoandikwa mahali alipokamatwa, tarehe, mti aliokutwa juu yake, na jina la aliyemkamata. Mdudu asiye na karatasi hiyo ni kama barua isiyo na anwani. Hata awe mzuri namna gani, hasaidii kitu. Mtaalamu hupima kichwa, vipande vya vipapasio, urefu wa mrija, umbo la mabega, na mishipa ya mbawa. Kisha hutazama kwa darubini viungo vya uzazi vya dume, maana aina mbili zaweza kufanana nje kama mapacha na zikatofautiana hapo tu. Baada ya hayo humlinganisha mdudu huyo na wale waliokwisha kuandikwa, kabati kwa kabati, katika nyumba za makumbusho.

Akiridhika kwamba huyu hakuandikwa na mtu yeyote kabla yake, huchagua kielelezo kimoja kiwe shahidi wa jina. Kielelezo hicho huhifadhiwa siku zote, ili mtu atakayetia shaka baada ya miaka mia aende akakitazame kwa macho yake. Mwisho huandika maelezo na kuyachapisha. Maana katika elimu hii jina lisilochapishwa si jina.

Bwana Brown alipomaliza kulinganisha aliona kwamba mdudu wa minazi si Theraptus. Alifanana naye, lakini alikuwa wa jamii nyingine ambayo haikuwa imepewa jina. Basi mwaka 1955 alitangaza mambo mawili pamoja, jamii mpya na aina mpya. Jamii aliiita Pseudotheraptus, yaani Theraptus wa uongo, mwenye kufanana na Theraptus wala siye. Jina la aina aliliandika wayi, kwa heshima ya Bwana Way. Tangu mwaka huo mwangusha vidaka ana jina lake kamili, Pseudotheraptus wayi, na mlango wake ni ule wa Coreidae, wenye aina zaidi ya 2,000, ambao chakula chao ni mimea.

FAIDA YA NASABA

Mkulima wa Kwale aweza kuuliza kwa haki: jina hilo gumu litaniongezea nazi ngapi? Jibu ni kwamba jina huonyesha ndugu, na ndugu huonyesha njia.

Afrika ya Magharibi yuko ndugu wa mdudu huyu, Pseudotheraptus devastans, ambaye hushambulia minazi ya Côte d'Ivoire na mihogo ya Kongo. Kwa hiyo mtu wa pwani aonaye mmoja wa jamii hii katika shamba la mchanganyiko hana budi kuangalia mimea mingine pia, si minazi peke yake. Na kweli Pseudotheraptus wayi mwenyewe ameonekana katika mikorosho, miembe, miparachichi na mipera. Huko Afrika Kusini, ambako watu hawaishi kwa nazi, wakulima humjua kama adui wa makadamia na maparachichi. Kama asingekuwa na jina moja lililokubaliwa na wote, mkulima wa huko na wa Kilifi wangekuwa wakipambana na adui mmoja, kila mmoja akidhani wake ni mwingine, wala wasipeane habari.

Mbali zaidi, katika Visiwa vya Solomon vilivyo katika Bahari ya Pasifiki, vidaka vya minazi vilikuwa vikianguka vile vile. Huko mwenye makosa ni Amblypelta cocophaga, wa mlango huo huo wa Coreidae, aliyepewa jina mwaka 1934. Bwana J. S. Phillips aliandika habari zake mwaka 1940, na Bwana Brown, yule yule aliyempa jina mdudu wa mwambao wa Afrika Mashariki, alikwenda kuchunguza mambo ya Solomon na kuchapisha maandishi yake mwaka 1959. Visiwa hivyo viko mbali na Afrika, lakini mambo mawili yalikuwa sawa. Mharibifu alikuwa wa ukoo mmoja, na aliyemfukuza alikuwa pia wa ukoo mmoja: chungu ajengaye nyumba yake kwa majani mabichi.

MLINZI MKALI

Chungu huyo ni mwenyeji wa pwani nzima. Watu humwita maji moto, kwa sababu kuumwa naye ni kama kumwagiwa maji ya moto. Jina lake la kitaalamu ni Oecophylla longinoda. Hujenga kwa ustadi wa ajabu: chungu wengi huvuta majani mpaka kingo zake zikutane, na wengine huwashika watoto wao kwa taya na kuwapitisha huku na huku kama mshonaji apitishavyo sindano, maana uzi wa kushonea hutoka katika vinywa vya watoto hao. Kundi moja laweza kuwa na viota vingi katika miti mingi, na eneo lote hilo hulilinda usiku na mchana.

Bwana Way aliona, na wengine waliomfuata wakathibitisha, kwamba mnazi uliokaliwa vema na maji moto hauna kunguni wa minazi, au anao wachache sana, na vidaka vyake hukaa. Maji moto hukamata kila kitu kitambaacho katika miliki yao, na mdudu mzima ajaye kutaga hufukuzwa kabla hajatua vizuri. Hakuna anayewalipa wala kuwalisha.

Jambo la kuwatumia chungu hawa si geni duniani. Kitabu cha Kichina kinachohesabiwa kuwa cha mwaka 304 kinaeleza jinsi viota vya chungu wa jamii hii vilivyouzwa sokoni kwa wenye michungwa, ili wayalinde machungwa yao na wadudu.

Lakini hapa pwani mlinzi huyu ana kesi. Mkwezi hampendi. Mtu aliyepanda mnazi wa urefu wa mita 20, akiwa ameushika mti kwa mikono na miguu yote, akivamiwa na maji moto usoni na shingoni, yumo katika hatari ya kweli. Kwa hiyo wakwezi wengine hukataa kupanda mnazi wenye viota, wengine hutaka malipo zaidi, na wengine huvichoma viota kwa mwenge wa makuti kabla ya kuangua. Mwenye shamba, kwa kuwa anamhitaji mkwezi leo, hukubali. Nazi za leo huanguliwa kwa raha, na vidaka vya mwakani hubaki bila mlinzi.

Mkwezi hapaswi kulaumiwa peke yake, maana mwili unaoumwa ni wake. Lakini mwenye shamba na mkwezi wakae washauriane kama watu wenye mali moja. Katika nchi nyingine wavunaji hujipaka majivu mikononi na miguuni, kwa kuwa chungu hawa hawapendi kukanyaga majivu. Na kama malipo yataongezwa kidogo kwa kila mnazi wenye maji moto, yafaa mwenye shamba ahesabu kwanza vidaka vilivyomo juu ya mti huo na vile vilivyo chini ya mti usio na chungu, ndipo ajue kama ameibiwa au amepata.

VITA VYA CHUNGU

Si kila chungu aonekanaye juu ya mnazi ni rafiki. Wako chungu wadogo wa ardhini, ambao askari wao wana vichwa vikubwa kupita kiasi cha miili yao. Wataalamu huwaita Pheidole megacephala. Hawa hukaa chini ya shina, hupanda mnazini na kupigana na maji moto mpaka wawatoe. Wakishinda, hawafanyi kazi ya wale waliowafukuza; kunguni wa minazi hurudi na kutaga kwa amani. Ndiyo sababu shamba moja laweza kuwa na minazi inayozaa vizuri upande huu, na upande wa pili minazi mitupu, ingawa udongo na mvua ni vile vile.

Baadaye huko Unguja kulijaribiwa chambo chenye sumu cha kuwapunguza chungu hao wa vichwa vikubwa, ili maji moto wapate nafasi. Tena mwaka 2011 mtaalamu Zuberi Seguni wa Tanzania, pamoja na Bwana Way yule yule na mwenzao Paul Van Mele, walichapisha uchunguzi juu ya majani yaotayo chini ya minazi. Waliona kwamba palipoachwa majani, chungu wa vichwa vikubwa walishughulika humo chini, na maji moto wakapata amani juu ya miti. Palipolimwa hata pakawa peupe, chungu wa vichwa vikubwa walikimbilia minazini na vita vikazidi. Basi shamba linalong'aa kwa kupaliliwa, ambalo jirani hulisifu, laweza kuwa ndilo linalomnyima mwenyewe nazi.

MAMBO YA KUTENDA

Mwenye minazi aliye na shida ya vidaka afanye hivi. Kwanza aokote vidaka vilivyoanguka na kuvitazama. Kama ni safi, pengine mnazi umeviacha wenyewe kwa ajili ya ukame au wingi. Kama vina madoa meusi yaliyobonyea, mahali mahali, amshuku kunguni wa minazi. Asimchanganye na utitiri wa nazi, Aceria guerreronis, aliyepewa jina mwaka 1965 kutoka vielelezo vya Guerrero, nchi ya Mexico. Utitiri huo haonekani kwa macho matupu, hukaa chini ya kofia ya kikonyo, na kovu lake huanzia hapo penye kofia na kushuka kama pembe tatu, kwanza jeupe, kisha la kahawia. Hao wawili si wa kabila moja, na dawa ya mmoja haimfai mwingine.

Pili, azunguke shamba lake lote na kuandika ni minazi ipi yenye maji moto, na ipi yenye chungu wa vichwa vikubwa penye shina. Tatu, asivichome viota vya maji moto, wala asinyunyize sumu ovyo. Sumu iuayo kunguni huua chungu pia, na mnazi ni mrefu mno kunyunyiziwa kila mara. Nne, aache majani mafupi chini ya minazi badala ya kuparua ardhi ikabaki tupu. Tano, apande kati ya minazi miti ambayo maji moto hupenda kujenga, kama michungwa na miembe, ili wapate makao ya kudumu. Matawi yanayogusana huwa daraja lao. Na mahali yasipogusana, kamba au fito iliyofungwa toka mti hadi mti yatosha.

Mwisho, akikuta mdudu asiyemjua, asimponde kwa kidole akamtupa. Amtie katika chupa ndogo yenye spiriti, pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka: mahali, tarehe, na mti aliokutwa juu yake. Ampe bwana shamba, naye ataweza kumfikisha kwa wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa. Wadudu wa pwani ambao bado hawajaandikwa ni wengi, nao huonwa kwanza na wenye mashamba na wakwezi, kabla ya mtaalamu yeyote kuwatia chini ya darubini. Wazee walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Chupa moja ndogo na mistari mitatu ya penseli yaweza kuwa mwanzo wa kukijua.